Ndege Iliyotangazwa Kisimani

Nilipokabidhi funguo za karakana mlinikatia keki, mkapiga picha na mimi, kisha mkaniambia nikifika nyumbani niandike. Basi nimefika. Niko Mwingi, nimekaa kibarazani, kuku wamenizoea na sina kisingizio tena. Nani alipandishwa cheo mwaka gani na mshahara ulikuwa kiasi gani, hayo nitayaruka, maana hata mimi yananichosha. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe na watu walionifundisha, kwa sababu wengi wao sikuwashukuru vya kutosha tulipokuwa pamoja.

Wengi wenu hamjui kwamba niliingia jeshini kama mshonaji. Sikuwa na habari na ndege. Kazi yangu ilikuwa kukagua na kushona parachuti, kazi ambayo mteja wako akipata hasara harudi kulalamika. Nilikaa kwenye meza ndefu na wanawake wengine, tukipitisha vidole kwenye kila mshono. Kisha zikaja zile ndege ndogo zisizo na rubani, mabawa yake ya kitambaa kilichotandazwa juu ya povu gumu, na mafundi wa injini waliozipokea hawakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Ikatafutwa amri ya kumhamisha mtu anayejua kushona. Nikapakia cherehani yangu kwenye lori la jeshi, nikaelekea Garissa.

Siku ya kwanza gundi niliyotoka nayo Nairobi iliharibika kabla sijashuka garini. Niliifungua ikanitiririkia mkononi kama uji. Nikaonyeshwa karakana, banda la mabati ambalo mchana hakuna chuma unachoweza kukishika bila kitambaa, nikaambiwa ndege ya kwanza ya kushona iko mezani. Ilikuwa imegongwa na korongo. Ninyi mnawajua wale korongo wa Garissa, wenye vipara, wanaosimama juu ya mapaa ya mji kama wajumbe wa kamati wanaosubiri posho. Wanaruka kimo kilekile cha ndege zetu, na hawajawahi kumpisha mtu. Nilitoa manyoya ndani ya bawa kwa kibano, nikashona, na nilipomaliza nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini kwamba sasa tumepata fundi.

Huyo alikuwa Senior Sajenti Barasa, mkubwa wa karakana, mtu mrefu wa Bungoma aliyekunywa chai kutoka kwenye thamosi moja tangu asubuhi hadi jioni bila kumkaribisha mtu. Alikuwa mchoyo wa chai na mkarimu wa kila kitu kingine. Ndege ikirudi kutoka kazini haigusi. Anaizunguka kwanza, mikono nyuma, anaiangalia tumboni, anaiangalia mkiani, kisha anakuuliza umeona nini. Ukimwambia "Imegonga mti," anaondoka. Ukimwambia "Bawa la kulia limechanika kuelekea nyuma na kuna utomvu," anavuta kiti. Alitaka aambiwe kilichopo. Sababu, alisema, tutaitafuta tukiwa tumekaa.

Nilidhani ni mtindo wake wa karakana tu. Baadaye, wafanyakazi walipopungua, nikaanza kupangiwa zamu kwenye chumba cha skrini, kule ambako picha za ndege zinaingia, na nikamkuta Barasa huko pia na mtindo uleule. Ukiona mtu porini usiseme anaficha kitu. Sema anaweka kitu chini ya mti. Usiseme anakimbia, sema anatembea haraka kuelekea mashariki. Wapo maafisa waliomwona msumbufu. Chumba kile kina haraka, kila mtu anataka jibu, na Barasa anakuambia hilo neno ulilolitumia ulilileta kutoka nyumbani kwenu, halimo kwenye picha.

Na kweli picha inadanganya kwa namna nyingi. Wiki zangu za kwanza niliona msafara wa ngamia kusini ya Buna, mizigo yao ina vyuma virefu vilivyopinda vikichomoza pande zote mbili. Mwenzangu alishaanza kuinua simu. Ilikuwa ni miti ya nyumba. Familia inahama, nyumba imefunguliwa na kufungwa juu ya ngamia, na wanaoongoza ngamia wa mizigo ni wanawake, wanaume wako na mifugo mbele. Nilipojua hilo nikawa naangalia kwanza nani ameshika kamba. Mara nyingi ilitosha.

Sisemi kwamba kazi ile yote ilikuwa ya kutazama ngamia. Kuna asubuhi tuliona udongo umechimbuliwa katikati ya barabara, mahali ambapo jana yake palikuwa sawa, na lori la vijana wetu lilikuwa linakuja likiimba. Nasema linakuja likiimba kwa sababu mmoja wao aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanaimba. Walisimamishwa. Mabomu yalitolewa. Yule aliyeniambia ana watoto sasa, na kila sikukuu ananitumia picha zao kwenye simu, meno yamepungua, meno yameongezeka. Mtu akiniuliza ndege hizi zina faida gani namwonyesha hizo picha. Zipo siku nyingine pia, ambazo mambo hayakwisha kwa picha za watoto, na wale tuliokuwa nao tunazijua. Hizo siziandiki, si kwa kuzisahau.

Ninayotaka kuiandika ni habari ya ndege yetu iliyopotea.

Barasa alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye mwenye karakana. Tulikuwa tumehamishia kikosi kidogo kaskazini, kwenye kambi iliyo kando ya barabara ya Elwak, na tulikuwa na ndege chache tulizozipenda kuliko inavyofaa. Alasiri moja upepo wa vumbi uliinuka ghafla mbele ya ndege mojawapo ng'ambo ya Tarbaj. Injini ikanyamaza. Picha ikazunguka, tukaona anga, tukaona miba, kisha tukaona mchanga uliotulia, na halafu hatukuona kitu. Kilichobaki hai ni kisanduku kidogo kilichomo tumboni mwake, kile kinachotuma mawimbi ya kusema ndege iko wapi. Giza lilikuwa linaingia. Tukaamua kwenda kuichukua asubuhi.

Asubuhi ndege haikuwa pale. Kisanduku kilikuwa kinatembea.

Nilisimama mbele ya ramani nikitazama ile nukta ikisogea. Ilikuwa inakwenda mashariki, mwendo wa mtu, na mashariki ndiko uliko mpaka. Ndani ya ile ndege mna kamera na mitambo ambayo wapo watu ng'ambo wangeipokea kwa furaha kubwa. Kanali wetu aliongea kwenye simu na wakubwa wake, akatoka uso umebadilika. Amri ilikuwa fupi. Ndege isivuke mpaka. Ikionekana inaelekea kuvuka, iteketezwe hukohuko ilipo, pamoja na anayeibeba. Helikopta ikaanza kutayarishwa uwanjani.

Tukarusha ndege ya pili kwenda kuitafuta ya kwanza. Niliirusha kwa mikono yangu, nikakimbilia ndani ya chumba cha skrini, na hapo nilimkuta Luteni Halima ameketi. Halima ni mtu wa Buna, mtoto wa wafugaji, na alikuwa afisa wetu wa mawasiliano na raia. Kanali alisimama nyuma yetu. Tukangoja picha.

Alikuwa mtu mmoja na ngamia mmoja. Ndege yetu ilikuwa imefungwa ubavuni mwa ngamia kwa kamba, bawa moja limekunjwa juu kama ubao wa meza, mkia unaning'inia nyuma. Mtu mwenyewe alikuwa mbele ameshika kamba, fimbo mabegani. Kama ni kuiba, nilifikiri, huyu ni mwizi asiyejua kuficha.

Kanali akaniuliza naona nini. Nikamwambia mtu mmoja, ngamia mmoja, ndege yetu imefungwa upande wa kulia, haijafunikwa. Silaha sijaona. Wanatembea taratibu.

"Kwenda mpakani," akasema Kanali.

Nikamwambia kwenda mashariki.

Tukaendelea kutazama. Mbele ya mtu yule palikuwa na nyumba chache za wafugaji. Akaacha njia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zile nyumba. Watu wakatoka. Wakamzunguka, wakaiangalia ndege, mikono ikainuliwa, ikashushwa. Baada ya muda akaondoka. Zikaja nyumba nyingine, akasimama tena, watu wakatoka tena. Mara ya tatu hata kabla hajafika nilijua atasimama. Kila penye watu alisimama.

Halima alikuwa ameegemea mbele mpaka paji la uso linakaribia kioo. Akasema polepole kwamba kwao, mtu akikuta mnyama aliyepotea hamchinji wala hamfichi. Mnyama yule anaitwa baadi, mali ya mwenyewe asiyejulikana. Aliyemkuta anamtunza, anamnywesha, na anampeleka mahali watu wanapokusanyika akimtangaza njiani, mpaka mwenyewe apatikane.

"Afande, mtu anayesimama kila boma namna hii, kwetu ana baadi," akasema.

"Hiyo si mnyama. Una uhakika?"

"Sina, Afande."

Nimewahi kukaa na wakubwa wengi, na nawaambia kwa dhati, wapo ambao jibu hilo lingewatosha kuinua simu. Kanali alivua miwani akaifuta, akaivaa. Akauliza mbele ya mtu yule pana nini. Tukamwonyesha: njia inagawanyika. Moja inapinda kaskazini kwenda kwenye kisima kikubwa ambacho wafugaji wa upande ule wote wananyweshea, ya pili inanyooka hadi mpakani. Akasema tutangoja mpaka njia panda. Akichukua ya kisima, tutamwendea. Akinyoosha, basi. Akatoka nje kumwambia rubani wa helikopta awe tayari, nasi tukabaki na skrini.

Nimeshona parachuti za watu waliokuwa wanaruka siku hiyohiyo, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilikuwa namtazama mtu anatembea, anajikuna mgongo kwa fimbo, anamsemesha ngamia, na mimi ninajua jambo kuhusu maisha yake ambalo yeye halijui. Nilitamani kumpigia kelele. Halima midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anaomba.

Akafika njia panda, akasimama. Ngamia akapiga magoti. Mtu yule akamwaga maji mikononi kutoka kwenye dumu, akanawa uso, akanawa miguu, akatandika shuka mchangani, akasali. Adhuhuri ilikuwa imeingia, kumbe, nasi tumo ndani ya banda lisilo na dirisha. Kanali alirudi akamkuta amesujudu, akasimama nyuma yetu. Hakuna sala iliyowahi kuonekana ndefu kama ile. Akamaliza, akakung'uta shuka, akamwinua ngamia, akapinda kaskazini.

Halima alishika mkono wangu chini ya meza. Kanali alishusha pumzi, akasema tuwashe magari.

Msafara wa jeshi hauendi kwa kasi ya hamu ya mtu, kwa hiyo tulifika kisimani kesho yake, jua likiwa limepanda. Kisima kile kina kelele kuliko soko. Ngamia wanalia, wanaume wanavuta maji wakiitikiana, mbuzi wanapita katikati ya miguu yako. Kanali alituagiza mimi na Halima twende mbele, askari wabaki magarini na midomo ya bunduki iangalie chini. Hilo nalo namshukuru.

Tulimkuta kwenye kivuli cha mgunga, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, jina lake Mzee Alinoor. Ndege ilikuwa pembeni yake, imelazwa kwa utaratibu na kufunikwa kwa mkeka mzima, huoni hata ncha. Halima alimsalimu, akamwita adeer, yaani baba mdogo, naye kwa desturi yao akamwita adeer vilevile. Wakaulizana habari za mvua, za mifugo, za Buna, za watu wa Buna. Mimi nilikaa nikinywa chai ya maziwa ya ngamia na kuutazama ule mkeka. Ndipo Halima akamwambia tumekuja kuchukua ndege yetu, ni mali ya serikali.

Mzee aliniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe.

"Wewe nasema ni yako. Alama yake nini?"

Halima akamtajia namba iliyoandikwa mkiani. Mzee akatikisa kichwa. Ile kila mtu ameiona njiani, kabla hajapata mkeka wa kufunikia. Alama ya mnyama ni ile ambayo mwenyewe tu anaijua, aliyeitia kwa mkono wake. Akaongeza jambo lililonifanya niweke kikombe chini.

"Jana jioni fijana ingine nakuja hapa. Nasema ni yao. Mimi nauliza alama, hawajui. Mimi nafukuza."

Halima akamuuliza ni vijana gani. Akasema hawajui, si watu wa kisima kile, viatu vyao vilikuwa vizuri mno. Akaelekeza kidole upande wa mpaka na kuendelea kunywa chai. Askari wote wa eneo lile tulikuwa tumekesha tukihofia watu hao hao, naye aliwarudisha kwa swali moja.

Basi ikawa zamu yangu. Nilifumba macho nikaipitisha ndege ile akilini tangu puani hadi mkiani kama nilivyozoeshwa karakanani. Nikamwambia chini ya bawa la kushoto, karibu na linapoungana na tumbo, kuna kiraka cha turubai la hema, kijani. Ukubwa wa kiganja. Nilikishona mimi, na kwa kuwa uzi wa kijivu uliniishia nilitumia uzi wa rangi ya chungwa, ndiyo maana hakipendezi.

Mzee alimwita mzee mwenzake aje kuwa shahidi, wakainua mkeka upande mmoja, wakainama wote wawili, wakakaa huko chini wakijadiliana muda mrefu. Nilimwona mwenzake akipitisha kidole kwenye mshono. Walipoinuka, Mzee Alinoor aliuondoa mkeka wote.

"Hii ni yako. Chukua. Mimi naweka kifuli, nabatia maji, lakini yeye hanywi."

Kwa kweli sijui kama alikuwa anatania. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kunitoka hayakutaka kukoma, ikabidi nijifanye naifuta ndege vumbi. Halima alimweleza kwamba tulimwona njiani, tangu kwenye boma la kwanza hadi hapo kisimani.

"Nyinyi naniona njia yote?" akauliza.

Njia yote, nikamwambia.

Akasema njia ile ina watu wabaya, na alikuwa na hofu kwa kuwa anatembea peke yake na mali isiyo yake. Kama angejua anaangaliwa asingeogopa. Kisha akainua mikono akatuombea dua, kwamba Mungu atulinde sisi kama tulivyomlinda yeye. Halima aliinamisha kichwa. Niliitikia amina. Nyuma kambini ile helikopta ilikuwa bado haijarudishwa bandani.

Miezi ikapita. Tuliendelea na kazi, mimi nikihesabu kimoyomoyo muda uliobaki wa kustaafu, na asubuhi moja mlinzi wa lango akapiga simu karakanani akasema kuna mzee nje anadai anatujua na hataki kuondoka. Tukatoka, mimi na Halima. Alikuwa Mzee Alinoor na fimbo yake, amekaa juu ya mfuko wa mchanga kana kwamba lango ni lake.

Alizungumza bila kupoteza muda.

"Ngamia yangu nabotea. Yenu ilibotea, mimi naweka. Sasa nyinyi natafuta yangu."

Nilikwenda kumweleza Kanali nikiwa tayari kutimuliwa ofisini. Kanali alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza ndege ya leo inapita wapi. Nikamwambia, na kwa bahati ilikuwa inapita upande huohuo. Akasema basi ikiwa inapita, macho hayana kazi nyingine.

Raia haingii chumba cha skrini, kwa hiyo Halima alikaa na mzee langoni na simu, mimi nikakaa mbele ya picha. Walinipa sifa zake: jike, mweupe, sikio la kushoto limepasuliwa, mkubwa wa kimo. Na alama, sumad wanaiita, imechomwa shingoni. Mzee alimnong'oneza Halima, naye akaja kuninong'oneza mimi mwenyewe, hakutaka kuipitisha kwenye simu. Tulitafuta. Ilikuwa asubuhi ya raha kuliko zote nilizokaa kwenye kile chumba. Vijana wa zamu walishindana nani atamwona kwanza. Tukakuta makundi, tukakuta punda, tukakuta ngamia mweusi aliyetukasirisha wote. Mwisho, kwenye laga moja, mto wa mchanga usio na maji, magharibi ya Tarbaj, kando ya miti, tukamkuta jike mweupe, mkubwa, yuko peke yake.

Chumba kizima kilipiga makofi. Nikamwambia Halima kwenye simu amwambie mzee tumempata.

Nikamsikia mzee akiuliza kitu. Sikio? Nikasema sikio linaonekana kama limepasuliwa, ila kuna kivuli. Akauliza alama. Nikaomba ndege ishuke. Ikashuka, ngamia akasogea, tukazunguka upande wa pili. Shingo tuliiona, doa tuliliona, lakini kama ni alama au matope hakuna aliyeweza kuapa. Tulishuka tena mpaka ngamia akashtuka akakimbia. Nikamwambia Halima ukweli: alama hatuioni.

Mzee akaichukua simu mwenyewe.

"Basi macho yenu naona ngamia, lakini ya nani, hajui."

Nikamwambia ndiyo, Mzee, ni hivyo.

"Hakuna neno," akasema. "Mimi nakwenda naangalia."

Alisema bila lawama, kama mtu anayeambiwa duka la dawa halina kidonge fulani. Akauliza laga ni upande gani, akaaga, akaenda zake kwa miguu. Chumbani, afisa mmoja kijana, anayesoma haya bila shaka, aliweka chini simu yake ya mezani akaniuliza tungefanyaje kama yule ngamia angekuwa ni mtu. Nilifurahi kwamba ameuliza.

Baada ya siku kadhaa mzee alimpigia Halima. Alimfikia yule ngamia, akamtazama shingo, na hakuwa wake. Alikuwa na alama ya ukoo mwingine kabisa. Sasa anampeleka kisimani kumtangaza, kwa hiyo hana nafasi ya kutafuta wa kwake kwa muda, na anatuomba tuendelee kuangalia.

Nimestaafu ngamia wake akiwa hajapatikana. Namshukuru Barasa, aliyefariki kabla hajaisikia habari hii na ambaye angeifurahia kuliko chai yake. Namshukuru Kanali kwa kungoja mtu amalize kusali, na Halima kwa kusema hana uhakika siku ambayo uongo mdogo ungependeza zaidi. Na namshukuru Mungu kwamba katika miaka yote ile, mtu niliyemtazama kwa hofu kuliko wote nilikuja kunywa naye chai.

Mlitaka niwaachie neno. Basi natangaza. Amepotea ngamia jike, mweupe, mkubwa wa kimo, sikio la kushoto limepasuliwa, mara ya mwisho alionekana kati ya Tarbaj na Elwak. Mwenyewe ni Mzee Alinoor, anapatikana kisimani. Halima anaijua namba yake, na Halima si luteni tena, lakini niliahidi kuruka vyeo. Atakayempata amweke kivulini na amnyweshe. Alama yake naijua na siiandiki hapa. Mwenyewe akija, muulizeni.